Silojismi: namna ya kupima kama hoja ni halali

Tuwaze jambo ambalo linaweza kutokea sokoni Kalundu au kwenye barieri ya barabara ya Sange. Kijana mgeni anafungua kinywa kuuliza bei ya ndakala. Mtu mmoja anasikia lafudhi yake na kumwambia mwenzake: «Waasi wanasema namna hii. Huyu naye anasema namna hii. Basi huyu ni mwasi.» Ni sentensi tatu fupi, na zinasikika kama hoja yenye nguvu. Katika miaka hii ya vita, wengi katika mwambao wetu na bonde la Ruzizi wanajua maneno kama hayo yanaweza kumfikisha mtu wapi.

Hoja ya namna hii, yenye sentensi mbili za msingi na sentensi moja ya hitimisho, inaitwa silojismi. Aliyeandika kanuni zake kwa utaratibu ni Aristotle, mwanafilosofia Mgiriki aliyeishi toka mwaka 384 mpaka 322 mbele ya Kristo. Kanuni zake zingali zinafundishwa katika somo la filosofia na katika vyuo vya theolojia. Makala hii inazieleza kwa mifano ya kwetu, ili mhubiri, mzee wa kanisa, mwalimu au kijana wa kwaya aweze kupima hoja mwenyewe, na kuona kosa liko wapi katika zile sentensi tatu za sokoni.

Sehemu za silojismi

Tuanze na hoja isiyo na ubishi:

Kila samaki huoza asipohifadhiwa.
Kila ndakala ni samaki.
Basi kila ndakala huoza asipohifadhiwa.

Sentensi mbili za kwanza ni misingi. Ya tatu ni hitimisho. Ndani yake mna maneno matatu tu yanayofanya kazi: «ndakala», «samaki» na «huoza asipohifadhiwa». Kiima cha hitimisho ni «ndakala», na kiarifu chake ni «huoza asipohifadhiwa». Neno «samaki» limo katika misingi yote miwili, lakini halimo katika hitimisho. Hilo linaitwa neno la kati. Kazi yake ni kama ya daraja: linaunganisha kiima na kiarifu, kisha linabaki nyuma. Daraja likiwa bovu, hakuna anayevuka. Kwa hiyo anayepima silojismi huanza kwa kutafuta neno la kati.

Halali si sawa na kweli

Hoja ni halali kama, misingi yake ikiwa kweli, hitimisho haliwezi kuwa uongo. Kama linaweza kuwa uongo, hoja ni batili. Uhalali unahusu umbo la hoja. Hauhusu habari iliyomo. Angalia hii:

Kila mwenyeji wa Uvira ni mvuvi.
Kila mfanyabiashara wa soko la Kalundu ni mwenyeji wa Uvira.
Basi kila mfanyabiashara wa soko la Kalundu ni mvuvi.

Umbo lake ni lile lile la ndakala, na ni halali kabisa. Kosa liko katika msingi wa kwanza, sababu si kila mtu wa Uvira anayevua. Kinyume chake pia hutokea: hoja inaweza kuwa batili na hitimisho lake likawa kweli. Kwa hiyo tunapokutana na hoja tunauliza maswali mawili yaliyo mbali mbali. La kwanza: misingi ni kweli? La pili: hitimisho linatoka katika misingi hiyo? Makala hii inashughulika na swali la pili, maana ndilo tunalolisahau upesi.

Hatua ya kwanza: andika hoja upya

Watu hawasemi kwa utaratibu wa kitabu. Husema «waasi wanasema namna hii» bila kueleza kama ni waasi wote au ni baadhi yao. Kabla ya kupima, andika upya kila sentensi katika mojawapo ya namna hizi nne. Zamani wanafunzi wa Kilatini walizipa herufi za kuzitambulisha:

A: Kila mukeke ni samaki.
E: Hakuna mukeke aliye ndakala.
I: Baadhi ya samaki ni mukeke.
O: Baadhi ya samaki si mukeke.

Sentensi inayotaja mtu mmoja, kama «Petro ni Mgalilaya», huhesabiwa pamoja na zile za «kila», maana inamchukua Petro mzima.

Katika kuandika upya, jihadhari na mitego miwili ya lugha yetu. Mtego wa kwanza ni «wote» pamoja na kukanusha. «Vijana wote hawakuja» inaweza kumaanisha kwamba hakuja hata mmoja, au kwamba wengine walikuja na wengine hawakuja. Muulize msemaji anakusudia lipi. Mtego wa pili ni neno «tu». «Ni waliobatizwa tu wanaoshiriki Meza ya Bwana» maana yake ni «Kila anayeshiriki Meza ya Bwana amebatizwa». Haisemi kwamba kila aliyebatizwa anashiriki, maana huenda mmoja yuko chini ya nidhamu ya kanisa. Neno «tu» hugeuza sentensi, na wengi huisoma kwa upande usiofaa.

Hatua ya pili: pima kwa kanuni tano

Kwanza tuelewe jambo moja. Katika sentensi, neno linaweza kuchukuliwa lote au kuchukuliwa kwa sehemu tu. «Kila mukeke ni samaki» inazungumzia mukeke wote, lakini haizungumzii samaki wote. «Hakuna mukeke aliye ndakala» inachukua yote mawili: mukeke wote wametengwa na ndakala wote. «Baadhi ya samaki ni mukeke» haichukui lolote lote. «Baadhi ya samaki si mukeke» inachukua kiarifu chote, kwa sababu samaki hao wamewekwa nje ya kundi zima la mukeke. Ukikumbuka haya, kanuni ni nyepesi.

1. Maneno yawe matatu, na kila neno libaki na maana moja. «Ndugu hurithi shamba la baba yao. Washiriki wote wa kanisa ni ndugu. Basi washiriki wote hurithi shamba la baba yao.» Neno «ndugu» limebadilika njiani: kwanza lilikuwa ndugu wa tumbo moja, kisha ndugu katika imani. Maneno yamekuwa manne, na daraja limekatika.

2. Neno la kati lichukuliwe lote angalau mara moja. Kama msingi wa kwanza unagusa sehemu moja ya neno la kati na wa pili unagusa sehemu nyingine, hakuna kinachounganisha kiima na kiarifu.

3. Neno lililochukuliwa lote katika hitimisho liwe limechukuliwa lote pia katika msingi wake. Hatuwezi kuvuna tusichopanda.

4. Misingi miwili ya kukanusha haizai kitu. «Hakuna mkaguzi wa hesabu aliye mweka hazina. Mama huyu si mkaguzi wa hesabu.» Je, ni mweka hazina? Haijulikani. Si mweka hazina? Hilo pia halijulikani.

5. Msingi mmoja ukikanusha, hitimisho lazima likanushe. Na hitimisho likikanusha, lazima msingi mmoja uwe umekanusha.

Katika kanuni hizi inatoka nyingine ambayo walimu hupenda kuitaja: misingi miwili ya «baadhi» haizai hitimisho.

Kuna namna nne za sentensi na nafasi tatu za kuziweka, yaani mipango 64. Neno la kati nalo linaweza kukaa katika misingi kwa namna nne, kwa hiyo jumla ni maumbo 256. Katika hayo, kwa hesabu ya zamani, maumbo 24 tu ndiyo halali. Walimu wa siku hizi wanahesabu 15. Tofauti inatokana na swali hili: tukisema «kila», tunadai kwamba wapo? Tuchukue mfano: «Kila mzee aliye mwizi huondolewa kazini. Kila mzee aliye mwizi ni mzee. Basi baadhi ya wazee huondolewa kazini.» Misingi inaweza kuwa kweli hata kama hakuna mzee mwizi hata mmoja, na hapo hitimisho halina mtu wa kulisimamisha. Kwa hiyo, kabla ya kutoka «kila» kwenda «baadhi», hakikisha kwamba watu hao wapo kweli.

Hatua ya tatu: tafuta hoja pacha

Asiyekumbuka kanuni zote ana njia nyingine, nayo inafaa sana katika mafundisho ya kanisa. Shika umbo la hoja, ondoa maneno yake, weka maneno mengine ambayo kila mtu anayajua. Kama misingi inakuwa kweli na hitimisho linakuwa uongo wa wazi, umbo hilo ni batili, na hoja ya kwanza imeanguka nalo.

Mji wetu unaijua kolera, maana hurudi mara kwa mara. Wengi wakichota ziwani husema: «Kila maji yenye matope yana hatari. Maji haya hayana matope. Basi maji haya hayana hatari.» Tafuta pacha wake: «Kila ndakala ni samaki. Mukeke si ndakala. Basi mukeke si samaki.» Mtoto yeyote wa Uvira atacheka. Lakini umbo ni lile lile. Kosa ni la kanuni ya tatu: hitimisho linatenga maji haya na hatari yote, wakati msingi wa kwanza ulitaja sehemu moja tu ya hatari, ile ya matope. Kijidudu cha kolera hakionekani kwa macho, na maji maangavu yanaweza kukibeba. Hoja batili hapa inampeleka mtoto hospitalini. Tuchemshe maji au tuyatie dawa ya klorini.

Sasa turudi kwa kijana wa sokoni

Tuandike upya ile hoja ya lafudhi, na tuipe nguvu kuliko inavyostahili: «Kila mwasi anasema namna hii. Kijana huyu anasema namna hii. Basi kijana huyu ni mwasi.» Neno la kati ni «anasema namna hii». Katika msingi wa kwanza ni kiarifu cha sentensi ya «kila», kwa hiyo halikuchukuliwa lote. Katika wa pili vivyo hivyo. Kanuni ya pili imevunjika. Hoja pacha ni hii: «Kila mukeke ni samaki. Ndakala ni samaki. Basi ndakala ni mukeke.»

Tena angalia: tumempa msemaji «kila», lakini alichokuwa nacho kwa kweli ni «baadhi». Hata tulipomsaidia, hoja haikusimama. Ili isimame angehitaji msingi mwingine: «Kila anayesema namna hii ni mwasi.» Huo ndio msingi anaoutumia moyoni bila kuutamka, na akiutamka kila mtu ataona kwamba ni uongo, sababu wamo akina mama wauza mboga, walimu, watoto wa shule na washiriki wa makanisa yetu wanaosema vile vile. «Kila A ni B» haigeuki kuwa «Kila B ni A». Wahenga walisema mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo. Hoja hii ni mtego wa namna hiyo.

Biblia inajua kosa hili. Katika Waamuzi 12, Wagileadi walishika vivuko vya Yordani na kumwambia kila aliyetaka kuvuka atamke «Shibolethi». Aliyeshindwa kutamka «sh» aliuawa, na waliokufa wa Efraimu walikuwa 42,000. Waefraimu walishindwa kutamka, ndiyo. Lakini kila aliyeshindwa kutamka alikuwa Mwefraimu mwenye vita? Mgeni, mtoto mdogo, mzee asiye na meno, wote wangeweza kukosea kwenye kivuko kile.

Tena kuna habari ya Petro uani kwa kuhani mkuu. Waliosimama karibu walimtambua kwa usemi wake wa Kigalilaya, wakasema yeye ni mmoja wao. Safari hii hitimisho lilikuwa kweli: Petro alikuwa mwanafunzi wa Yesu. Lakini hoja ilikuwa batili, maana Wagalilaya wengi hawakumfuata Yesu. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mtu akipata jibu sahihi mara moja kwa hoja mbovu, huiamini hoja hiyo siku zote, na safari ya pili itamwangukia asiye na kosa.

Msiba na dhambi

Mwezi wa nne mwaka 2020, mto Mulongwe ulifurika katika mji wa Uvira. Makumi ya watu walikufa na nyumba nyingi zilibomoka. Baada ya msiba kama huo husikika hoja hii: «Mungu huwaadhibu waovu. Watu hawa wamepigwa. Basi watu hawa ni waovu.» Iandike upya: «Kila mwovu hupigwa. Watu hawa wamepigwa. Basi ni waovu.» Neno la kati ni «kupigwa», na halikuchukuliwa lote hata mara moja. Ni ndugu wa hoja ya lafudhi. Rafiki za Ayubu waliitumia. Watu wa Malta waliitumia walipoona nyoka amemshika Paulo mkononi wakamdhania muuaji. Katika Luka 13 Yesu aliikataa waziwazi, alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu na kusema kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Mhubiri anayesimama mbele ya waliofiwa na kuwaambia neno ambalo misingi yake haikulizaa, anawaongezea mzigo.

Dalili na hukumu

Mtu atauliza: basi tusiangalie dalili yoyote? Hapana. Dalili ya mvua ni mawingu, na mama aliyeanika ndakala mchangani akiona mawingu hufanya vema kuzianua. Lakini anajua kwamba si kila wingu hunyesha. Aristotle naye alitofautisha dalili na hoja ya lazima. Dalili inatosha kutufanya tuulize, tuangalie, tujihadhari. Haitoshi kuhukumu. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu na uchunguzi wa bidii. Nikodemo naye aliwakumbusha wenzake kwamba sheria haimhukumu mtu kabla ya kumsikia.

Tukumbuke pia kwamba kuonyesha ubatili wa hoja hakumaanishi kwamba hitimisho ni uongo. Kunamaanisha kwamba halijathibitishwa. Mzee wa kanisa anayesema «hoja hii ni batili» hamtetei mkosaji. Anaomba ushahidi uletwe.

Mazoezi ya darasa

Pimeni hoja hizi kabla ya kusoma majibu.

a) Kila mzee wa kanisa ni mshiriki. Baadhi ya wavuvi ni wazee wa kanisa. Basi baadhi ya wavuvi ni washiriki.
b) Kila mchawi hupenda kukaa peke yake. Mjane huyu hupenda kukaa peke yake. Basi mjane huyu ni mchawi.
c) Kila aliyekubali ripoti alitia sahihi. Katibu hakutia sahihi. Basi katibu hakukubali ripoti.
d) Baadhi ya vijana ni waimbaji. Baadhi ya waimbaji ni wanafunzi. Basi baadhi ya vijana ni wanafunzi.

Majibu: (a) ni halali, neno la kati «mzee wa kanisa» limechukuliwa lote katika msingi wa kwanza. (b) ni batili kwa kanuni ya pili, na ni pacha kamili wa hoja ya sokoni. Wajane wazee wanajua uchungu wake. (c) ni halali. Kama msingi wa kwanza ni kweli, hitimisho halikwepeki. Mwenye shaka achunguze msingi huo. (d) ni batili, ingawa katika kwaya zetu hitimisho lake ni kweli kila Jumapili.

Mwalimu anaweza kufundisha haya bila kitabu, kwa kijiti na mchanga wa ufukweni: duara kubwa la samaki, ndani yake duara la mukeke na duara la ndakala, yasiyogusana. Waulizeni watoto: aliye ndani ya duara kubwa, lazima awe ndani ya lile dogo? Watajibu mara moja. Kisha watajeni wale wanaohukumiwa mtaani kwa lafudhi yao, na muulize swali lile lile tena.